Tangi la Iyunga na Mkaguzi wa Karibu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nifungue sheli. Naandika viatu vikiwa bado na tope la ukumbi wa halmashauri.

Tuliitwa wenye sheli wote wa jiji. Ofisa akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia mwezi huu ukaguzi wa matangi ya mafuta yaliyofukiwa chini unatoka mikononi mwa wakaguzi wa taifa, unakuja halmashauri. Nikapiga makofi. Peke yangu. Haidhuru.

Wenzangu hawajaelewa. Wale wa taifa wanatoka mbali, hawajui mtu, hawana shangazi Mbeya. Ukianza kuwaeleza habari za ukoo wanaangalia saa. Lakini halmashauri! Halmashauri ni sisi kwa sisi. Mtu wa halmashauri mtoto wake anasoma na wa kwako, kiwanja chake kimepakana na cha shemeji yako, na kwenye msiba mnakaa benchi moja. Mtu wa namna hiyo atakufungia sheli kwa moyo gani?

Nasri alikaa mstari wa mbele. Nasri ana sheli ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na yangu hapa Iyunga, kwa hiyo namwona kila nikiinua kichwa. Mfungo wake wa Ramadhani ndiyo kwanza umeanza, midomo imemkauka, bado akanyoosha mkono kuuliza kama watapima na udongo. Udongo! Nani amemuuliza habari za udongo?

Nikamvizia ofisa mlangoni. Akasema mkaguzi ameshapatikana, anahamia kutoka Iringa, anaitwa Injinia Kihwele. Kihwele! Mhehe! Na mimi Philbert Nyenza, mzaliwa wa Kilolo, nimekunywa maji yale yale! Nilirudi nyumbani nikiimba. Mke wangu Paskalina akauliza nimeshinda nini. Nikamwambia nimeishinda serikali.

Jambo moja la siri. Tangi langu la petroli lina tabia. Nikishusha fimbo ya kupimia asubuhi, mafuta yamepungua kuliko yalivyolala. Nilimshuku Jofrey, muuza mafuta wangu, lakini Jofrey jioni anarudi kwake Mbalizi na funguo zinabaki mfukoni mwangu. Nikaamua ni baridi ya Mbeya. Vitu husinyaa kwa baridi. Sitaki injinia aje kubishana na baridi.


Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu na nimeacha nyama mpaka Pasaka.

Nimempigia binamu yangu Anord wa Iringa anitumie dumu la ulanzi kwa basi. Huu ndio msimu wake, mianzi inatiririka. Mhehe aliyehamishiwa ugenini, mvua inanyesha, mtu anamwekea kikombe cha ulanzi wa nyumbani mkononi: atauliza habari za tangi kweli?

Paskalina ameuliza kama ni sawa kumnywesha mkaguzi pombe siku za Kwaresima. Nimemweleza kwamba kutoa si kunywa. Akaniangalia majivu yangu ya kwenye paji la uso, akarudi jikoni kwake. Ana banda la chapati na maharage nyuma ya ukuta wa sheli, upande wa bondeni, na wateja wake ni wengi kuliko wangu. Hilo silipendi kulitaja.

Nasri ameleta mafundi wapime matangi yake mwenyewe, kabla hata hajaambiwa. Mtu anajikamata mwenyewe! Nimesimama dirishani nikamhurumia.


Ijumaa, 7 Machi

Ulanzi umefika. Dumu la njano la lita ishirini, lililowahi kuwa la mafuta ya kula. Limekaa ofisini pembeni ya kiti changu. Linanguruma kidogo. Anord amenionya nisifunge kifuniko sana kwa sababu ulanzi ukichacha unatafuta njia. Nimefunga sana. Harufu ingenisaliti kwa wateja.

Nimefanya mazoezi ya kusalimia mbele ya kioo. Kamwene, Injinia. Kamwene, ndugu yangu. Kichwa nimekiinamisha kidogo upande wa kushoto, kama marehemu baba.

Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imechakaa na haina kitu ndani. Nimenunua rangi nyekundu nikaipaka yote. Sasa inang'aa kama nyanya. Jofrey akauliza je, moto ukitokea? Nikamjibu moto hautokei kwenye sheli yenye mitungi mizuri namna hii. Jofrey hana imani.


Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nangoja gari. Mkaguzi huja na gari, gari lina maandishi, mtu unapata muda wa kuvaa koti. Badala yake akatokea mama mmoja kwa miguu kutoka upande wa banda la Paskalina, mwili mkubwa, buti za mvua, chapati mkononi. Akapita katikati ya sheli akiangalia chini kama aliyedondosha hereni. Nikamfuata nikamwambia mama, hapa si njia, zunguka. Akatafuna, akameza, akafuta mkono, akaunyoosha.

"Injinia Tumpe Kihwele. Chapati za mkeo ni nzuri sana."

Kichwa kikaenda chenyewe upande wa kushoto. Nikasema, "Kamwene, ndugu yangu!"

Akacheka mpaka akashika pampu. Alisema Kihwele ni mume wake, yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na Kihehe anachojua ni hiyo kamwene na maneno ya mama mkwe ambayo hayasemwi mbele ya watu. Halafu akaanza kazi.

Akashika mtungi wa kwanza wa kuzimia moto. Rangi haikuwa imekauka, mvua hii haikaushi kitu. Akautazama mkono wake mwekundu. Akachukua kitambaa kwenye mkoba, akajifuta, akaunyanyua mtungi kwa kidole kimoja ili mimi na yeye tuone ulivyo mwepesi.

Kisha akaingia ofisini akaliona dumu. Akauliza kama nauza petroli kwenye madumu, maana ni hatari na hairuhusiwi. Nikasema hapana, ni maji. Akasema vizuri, akafungua kifuniko.

Ulanzi ulikwenda mpaka dari. Ukarudi. Ukampata yeye, ukanipata mimi, ukaipata kalenda ya parokia. Tukasimama tunadondoka matone. Nikangoja kufungiwa sheli, kushtakiwa, kulaaniwa kwa Kinyakyusa. Yeye akalamba mdomo kidogo tu.

"Maji ya Iringa yana nguvu," akasema.

Ameokoka, hanywi. Lakini hakukasirika! Akatoka na nguo zimelowa, akapiga magoti kwenye tope, akafunua mfuniko wa tangi la petroli, akainama na kusikiliza. Nimeishi miaka mingi kwenye mafuta sijawahi kuona mtu anasikiliza tangi. Alisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Akainuka akasema Alhamisi anarudi kulipima, nisiuze petroli siku hiyo, na nipate mitungi yenye kitu ndani.

Nimekasirika. Lakini kusema kweli, alivyopiga magoti vile bila kuangalia nguo zake, nilitamani kumwita Paskalina aje aone. Baadaye nimegundua Paskalina alikuwa anaona muda wote kutoka mlangoni kwake. Amesema huyo mama ni mtu. Mimi hajawahi kuniambia hivyo.


Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya. Mitungi nitaazima kwa Nasri, ikaguliwe hapa, kisha nimrudishie ikaguliwe kwake. Nikamtuma Jofrey, nikamwagiza aseme ni ya maonyesho.

Nasri akaileta mwenyewe kwa mkokoteni, mfungo na mvua yote ile. Akaipanga mmoja mmoja, akamwonyesha Jofrey namna ya kuvuta pini, akasema nikae nayo mpaka nitakapopata yangu, yeye ana ya akiba. Hakutaka chochote. Nimekaa nafikiri siku nzima huyu mtu anatafuta nini. Mtu hatoi mitungi bure hivi hivi.

Kila mtungi umeandikwa NASRI kwa herufi kubwa nyeupe. Nimeigeuza iangalie ukuta.


Alhamisi, 13 Machi

Kipimo ni hiki. Unaacha kuuza, tangi linatulia. Injinia anashusha fimbo asubuhi, anashusha tena mchana. Mafuta yakipungua, tangi linavuja. Rahisi. Na kilicho rahisi kina dawa rahisi: kuongeza.

Nilikuwa na madumu yangu tayari nyuma ya choo. (Ndiyo, yale yasiyoruhusiwa.) Asubuhi akapima, akaandika, akasimama pale pale. Hakwenda popote! Nikamwomba Paskalina amwite akanywe chai. Paskalina alikataa, akasema hawezi kumdanganya mteja anayelipa. Mwishowe simu ya Injinia ikalia, akasogea barabarani mbali na pampu, kama sheria inavyotaka, akanipa mgongo. Nikamimina. Nikamaliza dumu zima, nikaona bado, nikamimina na la pili.

Mchana akashusha fimbo. Akaitazama. Akaifuta, akashusha tena.

Akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba amepima matangi ya Iringa yote na ya Makambako, yapo yanayovuja na yapo yasiyovuja, ila hili la Iyunga ndilo la kwanza kuona linazaa.

Nikasema labda ni joto. Alivuta koti lake shingoni, maana baridi ilikuwa inauma, akasema labda.

Halafu akatoa tyubu ndogo ya dawa, akapaka kwenye ncha ya fimbo, akaishusha mpaka chini kabisa. Ikapanda na ncha nyekundu. Nikauliza ni rangi ya mitungi? Akasema hapana, hiyo dawa inageuka nyekundu ikikutana na maji. Sakafuni mwa tangi langu kuna maji. Udongo umeshiba mvua, maji yanaingia. Na tundu linaloingiza maji wakati wa mvua ndilo linalotoa petroli wakati wa jua.

Kwa hiyo si baridi.

Nikamuuliza, hiyo petroli iliyotoka imekwenda wapi. Akaangalia bondeni, upande wa mtaro unaopita nyuma ya banda la Paskalina. Akasema hilo ndilo swali la maana nililouliza tangu tujuane.

Pampu za petroli zimefungwa utepe. Ya dizeli inaendelea. Nimebaki na sheli nusu, kama mtu mwenye kiatu kimoja. Ng'ambo kwa Nasri foleni imefika mpaka barabarani.

Ile mitungi Injinia alipoigeuza akasoma jina, alitikisa kichwa akatabasamu. Aliniambia nimshukuru sana jirani yangu. Hata hilo alilisema vizuri.


Ijumaa, 14 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi niliamka na mpango mkali: malalamiko. Nitawapigia wakaguzi wa taifa, niwaombe warudi. Niwaambie huku mikoani tumepewa mtu mkali mno, hana hata gari, anatokea wakati wowote. Nilikuwa wa kwanza kuwapigia makofi waondoke, nitakuwa wa kwanza kuwalilia. Nikatoka nje kutafuta mtandao unaokaa.

Usiku kucha mvua ilikuwa imepiga. Mtaro umejaa. Nikamwona Injinia Tumpe anapanda kutoka bondeni kando ya mtaro, buti zile zile, ameshika kifaa kidogo cha kunusia petroli, kinacholia tii, tii. Kila akipanda mlio unakaza. Alipofika nyuma ya banda kikawa mlio mmoja usiokatika.

Akakimbia. Sikujua mama mkubwa vile anaweza kukimbia hivyo.

Paskalina siku zote huwasha moto alfajiri. Leo mkaa ulikuwa umelowa, akachelewa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kijiti cha kiberiti kimoja kimekataa, amechukua cha pili.

Injinia hakupiga kelele. Hapo ndipo ninapostaajabu mpaka sasa. Mimi ningepiga kelele, Paskalina angeshtuka, mkono ungemaliza kazi wenyewe. Yeye alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Dada Paskalina, weka kiberiti chini. Njoo nikuonyeshe kitu nje."

Paskalina akaweka. Akanyanyuka. Akamshika mkono, wakatoka pamoja na wateja waliokuwa wanangoja, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Nje ndipo akawaambia wakimbie.

Nikasogea nikaona mtaro. Maji yalikuwa na rangi zote, zambarau, kijani, dhahabu, yanazunguka polepole chini ya dirisha la jikoni. Petroli yangu, mvua ya usiku imeikamua kutoka udongoni. Nilikuwa nimeitafuta kila mahali.

Nikainua simu ili nimpigie mtu yeyote. Hapo ndipo Injinia alipopiga kelele. "Baba, zima simu hiyo! Zima!" Nikaizima. Akawatuma watu mbio wakakate umeme kwenye mita na wengine wakapige simu ya zimamoto kutoka juu ya barabara. Ng'ambo, Nasri alikuwa ameshasimamisha magari kwa mikono miwili, vijana wake wanashusha mchanga.

Na mimi? Nilikuwa nimemwona Paskalina akitoka, lakini katika ule msongamano nikampoteza, nikadhani amerudi ndani. Nikaingia. Nilisikia Injinia ananiita kwa jina lote, Philbert Nyenza, sikugeuka. Ndani harufu ilinishika koo, macho yakatoka machozi. Nikapapasa nyuma ya meza, nikaita, hakuna. Nikatoka nimekumbatia sufuria la maharage. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kutoka na kitu.

Paskalina alikuwa amesimama barabarani, mzima, ananitazama. Alisema, "Ulinifuata mimi au maharage?" Kisha akaanza kulia, nami nikalia, sufuria likiwa katikati yetu.

Zimamoto walifika wakamwaga povu mtaroni. Hakuna kilichoshika moto. Hakuna aliyeumia. Mkuu wao alimpigia Injinia saluti. Nimeiona kwa macho yangu. Mtu wa zimamoto, kofia kichwani, anampigia saluti mama wa halmashauri mwenye tope mpaka magotini.

Sikuwapigia wale wa taifa.


Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka nimemkuta Paskalina ameketi ukingoni mwa kitanda, amenishika kidole gumba.

Injinia alikuja ingawa ni siku yake ya mapumziko. Alipita nyumba hadi nyumba bondeni akichukua maji ya visima kwenye chupa. Nikamfuata, nimembebea chupa. Majibu yatatoka wiki ijayo, lakini kwa kunusa na kwa kile kifaa chake vinaonekana salama, petroli ilishika njia ya mtaro haikuzama huko. Kila nyumba alisalimia kwanza, akauliza hali, ndipo akaomba maji. Bibi mmoja Msafwa asiyempa mtu yeyote hata moto alimpa maji na mahindi juu yake.

Nilimuuliza ilikuwaje akaufuata mtaro asubuhi ile, wakati tangi lilikwishafungwa utepe na kazi yake ilikwisha. Akanionyesha nyumba ya bati la kijani chini kabisa. Amepanga pale tangu alipohama Iringa. Mtaro unapita mlangoni kwake. Watoto wake wanaruka mtaro huo kwenda shule. Mvua ilipokolea akashindwa kulala, akawa anawaza lile swali langu, petroli imekwenda wapi.

Akasema mkaguzi anayetoka mbali anafanya kazi nzuri, anapima tangi, anaandika ukweli, anaondoka. Hana kosa. Ila hawezi kusikia mtaro usiku, kwa sababu halali nao.

Mimi nilidhani karibu maana yake rahisi. Kumbe karibu maana yake ni karibu.

Jioni Nasri alituita futari. Nilikwenda nimejiandaa kugundua anatafuta nini. Kulikuwa na tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Nimekula mpaka nikaona aibu. Nikamshukuru kwa mitungi na kwa mchanga. Alisema sheli yangu ikiwaka, ya kwake iko mbali kiasi gani? Nikaona ana akili. Halafu akaniongezea tambi na kusema hata ingekuwa Mbalizi angekuja.


Jumatano, 19 Machi

Wamelitoa tangi. Gari la kunyonya limemaliza mafuta yaliyobaki, kreni ikaja, nusu ya Iyunga ikaja kuangalia. Watu walipanda ukutani. Paskalina aliuza chapati zote kabla ya saa nne, safari hii kwa jiko alilolihamishia mbali, mahali alipochagua Injinia.

Tangi likapanda linachuruzika tope. Chini lilikuwa limeliwa na kutu kama kitambaa cha kufunikia kochi. Ungeweza kuona mbingu kwa upande wa pili. Watu wakasema aaa! kwa pamoja. Nikasimama na kulitazama. Juu ya kitu kile nilikuwa naegesha gari langu.

Injinia Tumpe alisimama ukingoni mwa shimo anamwongoza dereva wa kreni kwa vidole tu. Kidole juu, kreni juu. Ngumi, kreni kimya. Chuma kikubwa vile kinamtii! Nilipiga makofi. Safari hii sikuwa peke yangu, ukuta mzima ulipiga.

Akanifuata akanieleza: udongo mchafu utatolewa wote, tangi jipya litakuwa la kuta mbili, lifukiwe mbele yake, lipimwe mbele yake, na hapo ndipo utepe utatoka. Akaniambia pia kwamba aliniona siku ile namimina madumu. Kioo cha simu yake kilikuwa kimenionyesha vizuri sana. Ameyaandika kwenye taarifa yake na adhabu yake itakuja, halmashauri haisahau. Nikauliza kwa nini hakunikatiza pale pale. Alisema alitaka kuona nitamimina mpaka wapi.

Sijawahi kumheshimu mtu namna hii. Naandika bila aibu. Akili, moyo, miguu ya kukimbia, yote kwa mtu mmoja. Nimemwambia Paskalina kwamba nchi ingekuwa na watu kumi kama yule tungelala usingizi. Paskalina akasema na mimi naweza kuwa mmoja wao, nikianza kesho. Nalala nikiwa nimeguswa sana na maneno hayo.


Jumapili, 23 Machi

Nimetoka misa. Padri amehubiri juu ya mtini usiozaa unaopewa mwaka mmoja zaidi. Nimeelewa kabisa. Mimi ni mtu mpya. Ujanja ujanja nimeuacha, pamoja na nyama.

Katikati ya mahubiri nikapata wazo.

Watu wote wa Iyunga sasa wanampenda Injinia Tumpe. Bodaboda wanamwimba. Dereva wa lori la Tunduma jana aliuliza ndiyo sheli ya yule mama? Aliuliza kwangu, si kwa Nasri! Nami nina ukuta mrefu unaoangalia barabara kuu, mweupe, hauna kazi. Kwa nini mtu wa maana vile asipewe heshima yake?

Nimemwita Ipyana, mchoraji wa mabango. Atamchora Injinia mzima mzima, buti, koti, kile kifaa mkononi, urefu wa ukuta, anatabasamu kama siku ya ulanzi. Mkono mmoja unaelekeza pampu zangu. Chini yake, herufi kubwa za bluu: HAPA NIMEKAGUA MWENYEWE, MAFUTA SAFI, KARIBUNI. Huu si ujanja. Hii ni shukrani. Mkaguzi mwingine yeyote akija atamkuta mwenzake amesimama pale juu futi nane, atakuwa na la kusema? Na Nasri atafanya nini na mitungi yake?

Ipyana ameuliza kama mwenyewe ameruhusu. Nimemweleza kwamba zawadi haiombewi ruhusa, inaharibu mshangao. Ameuliza pia kama kweli amekagua, maana anaona shimo. Ipyana naye ni wa kundi la Jofrey.

Paskalina sijamwambia. Kesho Injinia ana mkutano Tukuyu, hatapita njia hii mpaka jioni. Ipyana anaanza na uso alfajiri.

Tangi jipya bado halijafika. Lakini ukuta uko tayari.